Gym, juisi, kuamka saa kumi: miezi kumi nilivotafuta kinachonifaa

Jumamosi ile jengo lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, mi nilikuwa dukani kwangu, mitaa michache kutoka pale. Nauza vitenge, jumla na rejareja, huu mwaka wa 12. Tulisikia kishindo, halafu vumbi, halafu watu wanakimbia, wengine wanakimbia kuondoka na wengine wanakimbilia kule kule kwenda kuokoa. Uokoaji ulichukua siku kadhaa na watu walifariki. Sitaelezea zaidi hapo maana bado inaniuma, ila ndo ilipoanzia hii habari ninayotaka kuwaambia, kwa sababu kuanzia ile wiki usingizi wangu ulikatika na mwili ukaanza kunifanyia vitu nisivovielewa.

Mkokoteni ukipita nje na mzigo wa vyuma, ukagonga shimo, moyo unaruka mpaka shingoni. Usiku nalala saa tano, saa nane niko macho, natazama dari, nawaza dari. Desemba ndo hivo tena, Kariakoo ya Desemba wanaoijua wanaijua, huna muda wa kusema unaumwa. Nikawa nameza vile vidonge vya mafua vya njano vinavyoleta usingizi, kila usiku, kwa wiki kama tano. Naamka kichwa kizito, siku moja nikampa mteja chenji ya noti ya elfu kumi wakati alinipa elfu tano na sikujua mpaka jioni hesabu ilipokataa. Mtu asikudanganye kwamba kile ni kidonge cha usingizi, ni dawa ya mafua na mzio, usingizi wake ni uchovu tu na asubuhi unaulipia.

Januari nikaenda duka la dawa kununua panado, yule dada wa pale akaniangalia akasema mama hebu kaa nikupime presha. 164 kwa 102. Nikamwambia mashine yako mbovu. Akanipima mkono wa pili, ikaja hiyo hiyo karibu. Wiki iliyofuata nikaenda hospitali, 158 kwa 100, daktari kijana kabisa, shikamoo mama, marahaba, akaniandikia amlodipini, dawa ya kushusha presha, ya miligramu 5 kidonge kimoja kwa siku, akaniambia punguza chumvi, fanya mazoezi, punguza mawazo. Dakika saba, nikatoka. Simlaumu, nje kulikuwa na foleni imefika getini. Ila "punguza mawazo" nilitoka nayo mkononi kama mtu aliyepewa ufunguo bila kuonyeshwa mlango.

Nikaanza kutafuta mlango mwenyewe, na hapo ndo nilipopoteza hela na miezi.

Cha kwanza gym. Shoga yangu wa miaka mingi anaenda gym, amependeza, ana nguvu, nikasema na mimi. Nikalipa miezi mitatu kwa mkupuo, 150,000, kwa sababu ukilipa mitatu wanakupunguzia. Nikanunua raba mtumba pale Karume 30,000. Sasa hebu angalia siku yangu ilivo: nakaa Kimara, ndani, kutoka kituoni mpaka nyumbani ni boda. Natoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo, kwenye saa moja na nusu niko dukani, nasimama mpaka saa kumi na moja jioni, nikifika nyumbani ni saa moja usiku au mbili, kuna chakula, kuna daftari za watoto, kuna mume anataka kuongea na mimi kama mtu. Gym ningeenda saa ngapi? Nilienda mara nne. Nne ndani ya miezi mitatu. Na kila siku niliyokosa nilikuwa nalala na hatia juu ya zile mawazo nyingine, yani nilinunua kitu cha kunipunguzia mzigo kikawa mzigo mpya.

Ushauri wangu hapo ni mdogo tu, lipa siku moja moja kwanza. Gym nyingi za mtaani wanakubali ulipe kwa siku, hata kama jumla inakuwa ghali. Ukienda mara nane kwa hiari yako ndo ulipe mwezi.

Machi ikaja juisi. Chupa 10 za kusafisha mwili, 75,000, unakunywa siku tano huli kitu kingine. Mi nasimama masaa tisa, nanyanyua majora, unaniambia nisile siku tano! Siku ya pili saa sita mchana nilishikilia kaunta, macho yakaingia giza, binti wa dukani akaniketisha chini akaninunulia uji. Hapo nilikuwa naendelea kumeza dawa ya presha na tumbo linaharisha, ambayo baadae daktari aliniambia ni hatari kwa sababu maji yakipungua mwilini na dawa inashusha, presha inaweza kuanguka ghafla. Hakuna aliyeniuliza kabla ya kuniuzia kama nina dawa natumia. Na mimi sikuuliza. Ini na figo zinasafisha mwili kila siku bila chupa, hilo nilifundishwa sayansi shuleni kabisa, ila ukiwa na hofu unasahau hata ulichosoma.

Aprili nikajiunga na kundi la mtandaoni la kuamka saa kumi alfajiri. 40,000 kwa siku 21. Unaamka, unaandika malengo, unanyoosha viungo, unatuma picha kwenye kundi kuonyesha umeamka. Kuna watu kwenye lile kundi limewasaidia kweli na sitawasema vibaya, wengi wanalala saa tatu usiku, wana dada wa kazi, wana gari. Mimi nilikuwa nalala saa tano, nashtuka saa nane, nausikilizia usingizi mpaka saa tisa na nusu, ndo unaanza kuja, alamu inalia saa kumi. Nilikuwa napata masaa manne, siku nyingine matatu. Wiki ya pili nililia kwenye basi la mwendokasi bila sababu, nimesimama nimeshikilia bomba, machozi yanatoka, mama mmoja akanipa leso yake hakuniuliza kitu. Namshukuru mpaka leo.

Na kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa mwezi huo huo. Niliacha dawa. Nilipima nikakuta 134 kwa 86 nikasema nimepona, tena kuna maneno mtaani kwamba dawa ya presha ukianza hutoki, na miguu ilikuwa inanivimba jioni, nikasema ngoja nitumie kitunguu swaumu na mchaichai. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Sasa sikilizeni, ile 134 ilikuwa ni KAZI YA DAWA. Presha ilikuwa imeshuka kwa sababu nameza, siyo kwamba imepona kwa hiyo niache kumeza. Hili nimekuja kulielewa nikiwa kitandani.

Mei nikapakua programu ya kutafakari, ya bure, sauti ya kizungu taratibu inakwambia funga macho, tazama pumzi yako. Wenzangu waliniambia hiyo ndo dawa ya usingizi. Mimi nikifunga macho kwenye ukimya, nasikia kile kishindo. Kila mara. Dakika ya pili mikono imelowa jasho. Nikawa najilazimisha kwa sababu nilidhani tatizo ni mimi sijui kutulia, nikafanya wiki mbili, usingizi ukawa mbaya zaidi.

Juni tarehe za mwanzo nikaanguka. Sio kuzimia kabisa, kichwa kilikuwa kinauma toka asubuhi upande wa nyuma, puani damu, nikakaa chini nikashindwa kunyanyuka. Nikapelekwa hospitali kwa bajaji, 192 kwa 116. Nikalazwa siku mbili. Daktari wa zamu, mama mtu mzima, akakaa kwenye kiti akaniuliza swali moja moja, unatumia nini, nikamwambia kitunguu swaumu. Na nini kingine? Nikakumbuka diklofenaki. Mgongo wangu unauma kwa ajili ya kusimama na kunyanyua mizigo kwa hiyo nilikuwa nakula diklofenaki karibu kila siku tangu Desemba, sikuihesabu kama dawa, ni kitu nanunua kama pipi. Akaniambia zile dawa za maumivu za aina hiyo zinapandisha presha, na ukizitumia muda mrefu zinaumiza figo. Miezi sita nahangaika na juisi, kumbe mkononi mwangu nina kitu kinachoipandisha kila siku na hakuna mtu aliyeniuliza mpaka siku hiyo. Ukienda kwa daktari beba KILA kitu unachomeza, weka kwenye mfuko, mwagia mezani, hata vile unavoona sio dawa, hata miti shamba, hata ya kuongeza uzito au kupunguza.

Nikarudi kwenye amlodipini, akaniongezea na nyingine, kuhusu miguu kuvimba akasema ni tabia ya hiyo dawa kwa baadhi ya watu, ungekuja ukasema tungebadilisha au tungepunguza dozi, usingeacha. Kumbe ilikuwa rahisi hivo.

Halafu akanituma kitengo cha afya ya akili, hapo hapo hospitali. Nitasema ukweli, niliona aibu mpaka nikajifunika mtandio. Niliogopa kukutana na mtu wa Kimara au mteja aseme mama vitenge ameshachizika. Nilikaa kwenye benchi nikakuta ni watu kama mimi, kaka mmoja amevaa tai, binti wa chuo na mama yake, mzee wa watu. Mshauri nasaha aliyenipokea ni mwanamke wa umri wangu hivi, tukaitana dada. Nililipa 20,000 kwa kila kikao na nilienda mara tatu tu, kwa hiyo 60,000, na ni hela ambayo siijutii hata shilingi.

Hakuniambia nifanye kitu. Alinipa karatasi akasema dada niandikie jana yako, kuanzia ulivofumbua macho mpaka ulivofumba, nusu saa nusu saa, usiandike unavotaka iwe, andika ilivokuwa. Nikaandika nyuma ya kitabu cha risiti. Ilinichukua kikao kizima. Tulivomaliza tukaisoma wote, na yeye alikuwa anaweka kidole tu, hapa ulikuwa unafanya nini? Hapa nimekaa nasubiri mteja, saa nane mchana, jua kali hakuna mtu. Hapa? Hapa nimesimama kwenye basi. Hapa, saa kumi alfajiri? Hapa simu imelia.

Simu. Vitenge vyangu vingi vinatoka China, kuna mtu wangu Guangzhou tunaagiza kupitia yeye. Guangzhou wametutangulia masaa matano. Saa tatu yao ya asubuhi, wanafungua maduka, ndo saa kumi yetu alfajiri. Kwa hiyo kila siku saa kumi, saa kumi na robo, picha za vitambaa zinaingia, tii, tii, tii, na mimi naamka nachagua rangi nikiwa kitandani kwa sababu naogopa mwenzangu wa duka la jirani atawahi. Nilikuwa nasema nashtuka usiku kwa ajili ya lile tukio, na ni kweli nilikuwa nashtuka kwa ajili yake, ila usingizi ule wa mwisho wa alfajiri nilikuwa naukata mwenyewe na simu na sikuwahi kuiona hiyo mpaka nilivoandika siku yangu kwenye karatasi.

Kwa hiyo cha kwanza kubadilika kilikuwa kile, na ndo kimenisaidia kuliko vyote. Simu kubwa inalala sebuleni, inachajiwa kule. Chumbani nina kitochi cha zamani, namba yake wanayo mama yangu, wanangu na binti wa dukani, ikilia ujue ni dharura. Mtu wangu wa Guangzhou nilimtumia ujumbe kwamba kuanzia leo nitajibu saa nne asubuhi ya huku, ambayo kwake ni saa tisa mchana, bado yuko kazini. Nilikuwa na hofu kubwa. Nilikosa mzigo mmoja mzuri Julai, ni kweli, maua ya bluu na njano wakachukua wengine, iliniuma. Mmoja kwa miezi mitatu. Nimelipa.

Kuhusu kufumba macho, nilimweleza mshauri ile ya programu, nilikuwa naona aibu nikidhani ataniona nimeshindwa kitu rahisi. Akaniambia kuna watu waliopitia jambo zito ambao kukaa kimya na kufumba macho kunalirudisha lile jambo, sio kwamba wana kasoro, basi wao wafungue macho, washike kitu, watembee. Akaniuliza mkononi kazini unashika nini? Vitenge. Akanipa zoezi, moyo ukianza kwenda mbio nishike kitenge nikunje taratibu, niseme kimoyomoyo ninachokiona, jicho la tausi, duara, mstari wa njano, pindo, vitu vitano, nisikie kitambaa kwenye vidole kile kinavokuwa kigumu kigumu kikiwa kipya. Mi hicho kitu nakifanya kila siku kwa miaka 12 nikiwa nawaza mkopo. Sasa nakifanya nikiwa pale pale. Mkokoteni bado unanishtua ila moyo unarudi ndani ya kitenge kimoja au viwili, zamani ilikuwa nusu saa.

Na kwaya. Hii hakuna aliyenishauri, ilitokea. Niliwahi kuimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu, nikaacha 2019 kwa sababu ya biashara. Julai kulikuwa na msiba wa mwanakwaya mwenzetu wa zamani, wakaomba wa zamani wote tuje kuimba, tukafanya mazoezi siku mbili. Usiku wa mazoezi ya kwanza nililala mpaka alamu. Nikasema ni bahati. Usiku wa pili hivo hivo. Nilivomwambia mshauri akacheka kwa furaha kabisa, akasema dada ukiimba unavuta pumzi fupi unaitoa ndefu, unaishikilia sauti mpaka mwisho wa mstari, ndo hicho hicho walichokuwa wanakufundisha kwenye programu, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia moyo unapunguza mwendo. Tofauti ni kwamba kwenye kwaya hauko kimya na hauko peke yako. Mwalimu wetu alikuwa anatupigia kelele "pumueni tumboni!" toka nikiwa msichana, kumbe.

Nikarudi kwaya. Ila nako nilipanga, sikujitupa. Mazoezi ni Jumatano na Jumamosi. Jumamosi ni siku yangu kubwa ya mauzo siwezi, na utaratibu ni kwamba ukikosa mazoezi huimbi Jumapili. Nikaenda kwa mwenyekiti nikamweleza hali yangu yote, presha, kulazwa, kila kitu, wakakubali nije Jumatano tu na niimbe Jumapili ya mwisho wa mwezi. Jumatano natoka dukani saa kumi, binti anafunga. Inanigharimu, lile saa moja la jioni wateja wa rejareja wanapita wakitoka kazini, nakadiria napoteza 30,000 mpaka 40,000 ya mauzo kila Jumatano. Ninaweka hivo wazi kwa sababu watu wanaongea kujitunza kama vile ni bure.

Mazoezi ya mwili nimeyapata kwenye mwendokasi. Zamani nilikuwa nashuka kituo cha Gerezani. Sasa asubuhi nashuka kituo cha Fire, natembea na barabara ya Msimbazi mpaka dukani, dakika 15, zile raba za Karume ndo kazi yake, viatu vya duka viko dukani. Mara sita kwa wiki ni dakika 90. Jumapili kanisani natembea kwenda na kurudi, 25 na 25. Jumla 140, na kile kipimo nilichopewa hospitali ni 150 kwa wiki za mwendo wa haraka haraka, kwa hiyo niko hapo hapo. Jioni sitembei na sijilazimishi, kwa sababu Gerezani ndo basi linapoanzia, ukipandia pale unaweza kupata siti, ukipandia Fire utasimama mpaka Kimara na mgongo huu ninao mmoja. Na nyumbani kutoka kituoni usiku sitembei, njia ya kwetu ina kipande kina giza, mwanamke peke yake hapana, hiyo elfu moja ya boda nalipa.

Saa nane mchana, ile saa iliyokufa, nalala. Dakika 20 juu ya majora nyuma ya kaunta, binti anaangalia duka, alamu inaniamsha. Ikizidi nusu saa naamka nimechoka zaidi na usiku usingizi hauji vizuri. Na chai ya rangi ya mwisho nakunywa saa nane kabla ya kulala hapo, baada ya hapo maji tu, zamani nilikuwa nakunywa mpaka saa moja usiku tena nzito.

Chumvi ndo ilileta ugomvi nyumbani. Nilipunguza kwenye sufuria la wote bila kuwaambia, mume wangu akala vijiko viwili akaweka sahani chini, akasema mke wangu hiki ni chakula au ni adhabu. Tulinuniana siku mbili. Nilikosea kutowaambia. Tukakubaliana napika kwa chumvi kidogo, mwenye kutaka ana kachumbari ya pilipili na ndimu pembeni, na sasa hata yeye amezoea, akila mahali anasema wameweka chumvi nyingi. Kipimo ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, karibu kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula siku nzima, pamoja na iliyofichwa kwenye mkate na vile viungo vya kuyeyusha kwenye mchuzi. Mama lishe wangu nilimwomba anitolee maharage yangu kabla hajaweka chumvi ya pili na kiungo. Ananiwekea kwenye kibakuli changu kina mfuniko wa kijani. Nilidhani atakasirika, akaniambia mama na mume wangu ana hiyo hiyo, hebu niambie unafanyaje, sasa wanakula wote wawili kwenye vibakuli.

Kitu kilichokuwa kigumu kuliko chumvi ni kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mimi ndo nilikuwa mweka hazina, miaka mitano, wanawake 28. Kila mtu akichelewa kurejesha ni mimi, akigombana na mwenzake ni mimi, simu saa nne usiku. Kwenye ile karatasi ya siku yangu kikoba kilitokea mara sita kwa siku moja. Agosti nikawaambia najiuzulu uweka hazina, nabaki mwanachama. Nikawapa wiki nne za kumfundisha mwingine, vitabu nikakabidhi mbele ya wote. Shoga yangu mmoja aliona nimewatupa na mpaka leo hajanipigia, tumejuana tangu watoto wetu wako chekechea. Hilo sijalimaliza. Namsalimia kanisani anaitikia kwa mbali. Nitamfuata nyumbani kwake, najua ni mimi wa kwenda.

Mashine ya presha nilinunua Julai, 70,000, ya mkononi juu ya kiwiko siyo ya kifundo. Napima Jumatatu na Alhamisi asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai. Nakaa dakika tano nimeegemea, miguu chini haijapishana, mkono mezani usawa wa moyo, sina haja ndogo, siongei, napima mara mbili nikipisha dakika moja, naandika kwenye daftari. Zamani nilikuwa napima nikitoka kushuka kwenye basi nikikuta juu napata hofu inapanda zaidi. Wiki hii ilikuwa 132 kwa 84 na 128 kwa 82. Dawa nameza zote mbili, nikishapiga mswaki tu, ziko kwenye kikombe cha miswaki ili nisisahau. Na nisieleweke vibaya, kwaya na kutembea havijachukua nafasi ya dawa, daktari ameniambia tutaangalia tena Januari na yeye ndo atakayesema lolote kuhusu dozi, sio daftari langu na sio mimi.

Nilivotumia vibaya, gym, juisi na lile kundi, ni 265,000. Wale waliopona kwa gym wako sawa, gym yao iko kwenye njia ya kwao kurudi nyumbani na wana jioni. Kama uko mwanzoni kama nilivokuwa Januari, kabla hujalipia chochote chukua karatasi uandike jana yako kama nilivoandika mimi, nusu saa nusu saa, na usione aibu na kitakachotokea humo. Na kama usingizi umekukatika zaidi ya wiki mbili tatu, au unaona bora usiwepo, nenda hospitali hiyo hiyo wiki, usisubiri uanguke kama mimi.

Sasa hivi ni mwisho wa Septemba 2025 na Desemba inakuja, Kariakoo itajaa, nitafunga saa mbili usiku siku nyingine. Nimeshakaa na mwalimu wa kwaya tukaangalia kalenda, Jumatano mbili za katikati ya Desemba sitakuja, nyingine nitakuja hata kama duka limejaa. Binti wa dukani nimemwongezea mtu wa kumsaidia kuanzia Novemba mosi. Kulala saa nane mchana haitawezekana kuanzia tarehe 10 Desemba, ila kushuka Fire kutawezekana, na simu itaendelea kulala sebuleni. Tarehe 16 Novemba itakuwa Jumapili, itakuwa mwaka mmoja. Siku hiyo tutaimba ibada ya kwanza, nimewaomba, ingawa sio Jumapili yangu.